Bwawa limechimbwa tope, sasa perege wanahema juu alfajiri. Oksijeni tunaipimaje?

Mwenye_Nyavu

Wakuu habari za mida hii. Niko huku tambarare chini ya Moshi, tuna bwawa la skimu ambalo lilikuwa limejaa tope mpaka kiangazi maji hayafiki mashamba ya chini, basi mradi ukaja, kijiko kikaingia wakachimba, lakini sio lote, wamechimba upande wa tuta ndo kumeshuka haswa, pale ambapo zamani ulikuwa unavuka maji yakiwa kifuani leo kamba ya mita sita yenye jiwe inaishia mkononi. Upande wa mtoni wameuacha kama ulivyokuwa.

Sasa shida. Kikundi chetu kina perege mle, na kambale walioingia wenyewe. Tangu joto lianze, alfajiri unakuta perege wamejaa juu midomo wazi wanahema, jua likipanda hata mmoja humuoni. Nyavu tukitega pale shimoni zinatoka tupu, na kamba ya chini inatoka nyeusi inanuka mayai viza. Kuna mtaalamu mmoja alikuja saa saba mchana, akachovya mita yake ya oksijeni pembeni, akasoma 9.1, akasema oksijeni ipo ya kumwaga, punguzeni samaki tu. Wengine kikundini wanasema tumewekewa dawa. Naomba kwa anayejua, hii kitu inafuatiliwaje kiuhakika, tunaweza wenyewe au mpaka mtu wa maabara, na je kuchimba ndo kumetuharibia? Nawasilisha.

Chalii_wa_Usa

Mangi hapo hamna cha oksijeni wala nini, angalieni wanaopiga dawa nyanya huko juu ya mto, mvua ikinyesha yote inashukia kwenu. Halafu pelekeni maji wapime floraidi, ile inayoharibu meno.

Maabara_Tengeru

@Chalii_wa_Usa floraidi haiui perege alfajiri ikawasamehe mchana bana. Huku kwetu Arusha mtu akisikia ubora wa maji anawaza meno tu. Na dawa ya nyanya haina ratiba, haisubiri saa kumi na moja. Dawa ikiingia utaona na vyura, na wadudu wa majini, na kambale wanakufa, tena saa yoyote.

Mkuu Mwenye_Nyavu waangalie hao kambale. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo yeye anapanda anagonga hewa mara moja anashuka zake. Perege hana hicho kiungo, ndo maana anabaki ananing'inia juu anavuta ule utando mwembamba wa maji unaogusana na hewa. Ukiona perege wananing'inia na kambale wako poa, basi shuku oksijeni kwanza kabla hujamshuku jirani. Sio ushahidi wa mahakamani, ila ni pa kuanzia.

Sasa hiyo 9.1. Huko tambarare mko kama mita 700 hadi 800 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzijoto 27 kwa mwinuko huo yakishiba hewa kabisa yanabeba kama miligramu 7.2 kwa lita, basi. Kwahiyo 9.1 imepita shibe, na hewa haiwezi kuyashibisha maji kupita hapo, anayezidisha ni mwani unaotengeneza oksijeni juani. Bwawa lenu ni la kijani sindio? Mwani huohuo jua likizama unaacha kutengeneza unaanza kuvuta, usiku kucha, pamoja na samaki pamoja na bakteria wa kwenye tope, ndo maana mchana mtu anasoma 9 na alfajiri palepale anasoma 1. Mita ya yule mtaalamu inawezekana ilikuwa sahihi kabisa, ila saa ile na pale pembeni hapakuwa pa kupimia. Mimi ningeisoma ile 9.1 kama onyo.

Turudi kwenye shimo. Maji ya juu yakipata jua yanakuwa mepesi, ya chini yanabaki mazito, na huku kwetu kwenye maji ya moto tofauti ndogo tu inatosha kuyatenga, maana kutoka nyuzi 25 kwenda 26 uzito wa maji unabadilika kama mara thelathini zaidi ya unavyobadilika kutoka nyuzi 4 kwenda 5. Kwa hiyo usisubiri kuona tofauti kubwa ya joto kama kwenye maziwa ya Ulaya, juu 28 chini 26 inatosha shimo kufungwa. Zamani maji yakiwa ya kifuani upepo wa jioni ulikuwa unayakoroga mpaka chini, sasa unapita juu ya shimo tu. Na kila kinachozama, majani, kinyesi cha ng'ombe, mwani uliokufa, kinateremkia humo kwa sababu ndo pa chini kuliko kote. Bakteria wanakula wanamaliza oksijeni, ikiisha wanahamia kwenye salfeti, chumvi yenye salfa iliyomo majini, inatoka gesi, ndo hiyo harufu ya mayai viza, na ule weusi wa kamba ni chuma kilichoshikana na salfa.

Halafu kuna hili ambalo wachimbaji wengi hawaliwazi. Tope linashikilia fosforasi kwa kutumia chuma, oksijeni ikiisha chini chuma kinaiachia, fosforasi inarudi majini, mwani unapata mbolea upya, unakufa, unazama, unakula oksijeni tena. Yaani umetoa tope ili upunguze mbolea, afu shimo linakutengenezea nyingine.

Kuchimba sio kosa jamani. Kule Uswidi kuna ziwa Trummen, mjini Växjö, 1970 na 1971 walitoa tope la juu na ziwa likarudi vizuri, ni mfano unaofundishwa hadi leo. Lakini wale walitoa ngozi ya juu kwenye eneo kubwa la ziwa, na maji taka ya kuingia yalikuwa yameshazuiwa kabla. Nyie mmechimbiwa shimo moja upande mmoja na ng'ombe bado wanakunywa juu.

Kufuatilia ni hivi. Uwe na vituo vichache lakini visibadilike: katikati ya shimo, ukingo wa shimo, upande ambao haujachimbwa, na mto unapoingia. Ule ambao haujachimbwa usiuache hata kama unaonekana hauna shida, bila huo huwezi kusema shimo ndo chanzo, utaambiwa ni joto la mwaka huu. Shimoni unashusha sensa unasoma juu, nusu mita, mita moja, unaendelea hivyo hadi karibu na chini, ila usiigonge chini maana ukikoroga tope unajipimia tope. Kila kina uandike joto na oksijeni pamoja, joto ndo litakuonyesha tabaka lilipo. Nenda kabla jua halijatoka, na siku hiyohiyo rudi saa nane au tisa mchana vituo vilevile. Andika pia usiku ulikuwaje, mvua, upepo, mawingu ya kutwa, maana siku ya mawingu mwani hautengenezi kitu cha maana na alfajiri yake ndo mbaya. Perege anakua vizuri kukiwa na zaidi ya 5, kwenye 3 anaanza kuhangaika, na chini ya 2 ndo panahesabika hapana oksijeni ya kutosha samaki wengi, ingawa perege ni sugu anaweza kuvumilia kwa muda. Ukimaliza hayo ndo uongeze pH (kipimo cha uasidi wa maji) na amonia. Usianzie huko.

Meku_wa_Ruvu

Binti wa Tengeru umeongea vizuri. Mimi niongeze ya huku kwetu. Bwawa la Nyumba ya Mungu wanangu ni kubwa, linapokea Kikuletwa na Ruvu, upepo wa pale unajulikana, ukivuma hata mtumbwi unafungwa. Kabwawa kenu kana tuta na miti pembeni, upepo utapitia wapi? Msijilinganishe.

Hatari niliyoiona kwenye mabwawa madogo yenye shimo sio hii ya kila alfajiri, hii samaki wanaizoea zoea. Hatari ni ile baridi ya mwezi wa sita na wa saba, au mvua kubwa ya ghafla usiku baada ya joto refu. Maji ya juu yanapoa yanakuwa mazito yanazama, ya chini yote yale meusi yananyanyuka mara moja, asubuhi unakuta samaki wameelea bwawa zima, wakubwa ndo wanatangulia. Halafu watu wanasema wamewekewa sumu, wanagombana kijiji kizima na sumu walikuwa nayo wenyewe chini siku zote. Kwa hiyo pimeni sasa wakati wa joto mjue lile tabaka baya lina unene gani, mkiona limepanda mpaka limebakiza mita moja na nusu juu, vueni mapema muuze, msisubiri Juni.

Na kuchimba lazima. Ziwa Jipe linaelekea wapi kwa udongo unaoletwa na mto Lumi na matete yale? Asiyechimba naye anapoteza maji. Ila achimbe kwa mteremko, sio kisima kisicho na mchotaji.

Fundi_Vipimo_AR

Natengeneza na kukalibreti mita za maji hapa Arusha nichangie upande wa vifaa maana hapa ndo watu wanaliwa hela.

Kuna mita za utando na kuna za mwanga. Ya utando ni bei nafuu kidogo lakini yenyewe inakula oksijeni wakati inapima, kwa hiyo kwenye maji yaliyotulia lazima uichezeshe juu chini taratibu la sivyo inasoma pungufu, na mbaya zaidi ile gesi ya mayai viza inaiharibu sensa. Mkuu pale kwako gesi ipo kwa hiyo ya utando ukiishusha shimoni kila wiki utanitafuta. Ya mwanga haina hayo, kofia yake ndo inabadilishwa baada ya mwaka mmoja au miwili hivi. Chochote utakachonunua au kuazima ULIZIA UREFU WA WAYA kwanza, nyingi zinakuja na waya mfupi wa kwenye ndoo, unafika bwawani una shimo la mita sita na waya wa mita moja.

Kalibresheni, yaani kuirekebisha mita isome sawa: sensa inawekwa kwenye hewa yenye unyevu, kile kikombe chenye maji kidogo chini, iache itulie. Kama mita haina kipima shinikizo ndani utaingiza mwinuko au shinikizo kwa mkono. Hapa watu wanachukua shinikizo kwenye programu ya hali ya hewa ya simu, ile inaonyesha kama 1013, hiyo wameshairekebisha iwe ya usawa wa bahari, sio ya mahali ulipo, ukiiingiza hiyo Moshi kila kipimo cha miligramu kinapanda kama asilimia kumi na wewe unashangilia. Tengeru ni mbaya zaidi maana ziwa Duluti pale ni kama mita 1,290 juu ya usawa wa bahari, maji ya nyuzi 24 yakishiba ni 7.2 tu wakati pwani yangekuwa 8.4. Na hakiki sifuri pia, sodiamu salfaiti kwenye maji, isome karibu na 0, isiposoma usiiamini chini ya 2 ambako ndiko unakokutaka.

Zile loga za kuacha majini zinaandika kila dakika kumi ni nzuri sana kwa hii kazi, usiku mzima unaupata bila kukesha. Lakini moja, boya linaibiwa, lifungeni chini ya maji kwenye nguzo sio juu linaonekana. Mbili, kwenye maji ya kijani sensa inaota utelezi, ule utelezi nao unapumua, namba zinashuka kidogo kidogo unadhani bwawa linakufa kumbe ni sensa chafu. Futeni kila wiki, na kila mkifuta andikeni ilisoma ngapi kabla na ngapi baada, ile tofauti ndo inakwambia data za wiki iliyopita zina uongo kiasi gani.

Mwenye_Nyavu

Aisee nawashukuru sana, nimesoma mara mbili mbili. Kambale ni kweli kabisa wanagonga wanarudi, na maji ni ya kijani. Ila kuwa wakweli kikundi hatuna hela ya hiyo mita ya mwanga wala loga. Hakuna njia ya chupa? Nilisikia wanafunzi wanapima kwa chupa na dawa.

Maabara_Tengeru

Ipo na ni ya zamani kuliko mita zote hizi, ya Winkler ya mwaka 1888, na mpaka leo sisi tunaitumia kuzihukumu hizo mita. Inahitaji manganizi salfeti, mchanganyiko wa alkali na iyodaidi, asidi ya salfuriki, wanga, na thayosalfeti ya kutaitresheni, yaani kudondoshea kidogo kidogo mpaka rangi ipotee. Chupa ni ile ya kioo ya mililita 300 yenye kizibo cha kioo. Unaijaza kwa mpira kutokea chini, taratibu, maji yamwagike juu mpaka yabadilike kama mara mbili tatu, kusiwe na hata kipovu kimoja, kisha unaingiza dawa mbili za kwanza palepale kwenye mtumbwi, sio ukifika nyumbani.

Na hapa ndo pananifurahisha mimi. Ukishaweka hizo mbili ukafunga ukatikisa, kunatokea mashapo. Yakiwa ya kahawia, oksijeni ipo, na kadiri kahawia inavyokolea ndivyo ilivyo nyingi. Yakiwa MEUPE, hakuna kitu. Yaani unaweza kupanga chupa za juu, mita moja, mbili, tatu, nne, tano kwenye ubao wa mtumbwi na kikundi chako chote kikaona kwa macho kahawia inavyopauka mpaka inakuwa nyeupe, hata kabla ya kutaitreti. Ikifika hapo hakuna atakayesema dawa za nyanya tena. Shimoni kwenye gesi nyingi kipimo chenyewe kinasumbuka maana salfaidi, ndo gesi hiyo ya mayai viza, inaingilia, lakini pale jibu lenyewe ni sifuri tayari, pua imeshapima.

Tahadhari mbili. Ule mchanganyiko wa iyodaidi huwa una azaidi, ni sumu, na asidi unaijua, kwa hiyo asishike mtu bila glovu na miwani na mabaki yasimwagwe bwawani, yarudishwe maabara. Ya pili ni ya kuchotea. Watu wanafunga jiwe kwenye chupa ya soda, wanashusha, wanavuta kizibo kwa kamba ijae kule chini. Kwa joto na amonia sawa. Kwa oksijeni hapana, kwa sababu chupa ikijaa hewa inatoka inabubujika ndani ya yale maji na kuyapa oksijeni ambayo hayakuwa nayo, unashusha chupa kwenye sifuri unapandisha moja na nusu. Azima kile chombo cha kuchotea cha mrija ulio wazi pande zote mbili, unakishusha maji yakipita katikati, kikifika kina unachotaka unaachia kizito kinafunga milango.

Kwa kuazima anzeni na afisa uvuvi wa wilaya, halafu Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani makao yao yapo hapohapo Moshi, na chuo cha Nelson Mandela hapa Tengeru kuna wanafunzi wa uzamili kila mwaka wanatafuta bwawa la kufanyia utafiti, bwawa lililochimbwa nusu na kuachwa nusu ni zawadi kwa mtafiti, wataleta mita wenyewe. Wakati mnasubiri tengenezeni sahani ya Secchi, bati la duara la sentimita 20 robo nyeusi robo nyeupe, kamba yenye alama, mnashusha mpaka isionekane mnaandika kina. Hiyo ni bure, na ikianza kupungua wiki hadi wiki jueni mwani unaongezeka na alfajiri zitakuwa ngumu zaidi.

Chalii_wa_Usa

Sawa nimeelewa dawa nimezifuta. Lakini si mchukue tu pampu mtupe hose chini mkoroge yote ichanganyike oksijeni iingie, mbona rahisi?

Meku_wa_Ruvu

Ukikoroga siku moja chalii utafanya kazi ya mwezi wa sita kwa mkono wako mwenyewe. Samaki wote juu. Kama ni pampu basi ivute maji ya juu iyarushe hewani yarudi juu, usiku wa manane hadi asubuhi, hiyo inawapa perege pa kukimbilia na chini hukugusi.

@Mwenye_Nyavu nikuulize, hilo tuta lina koki ya chini au maji yanatokea juu tu kwenye mfereji wa kumwagikia?

Mwenye_Nyavu

Ipo koki ya chini meku, ya bomba la chuma, ila tangu wachimbe haijafunguliwa, wanatumia mlango wa juu kwa sababu maji ya chini yananuka wakulima wanalalamika.

Meku_wa_Ruvu

Basi ndo maana. Mnakamua maji mazuri ya juu mnawaachia samaki yale mabaya, yanazidi kukaa. Hayo ya chini ndo ya kupelekwa shambani, yana mbolea tena, nyanya haijali harufu.

Maabara_Tengeru

Naunga mkono meku, njia ya kutoa maji ya chini inatumika sehemu nyingi na haihitaji umeme. Lakini msifungue koki yote kwa mpigo. Maji yale hayana oksijeni na yana gesi, mkiyaachia mengi kwenye mto mnaua samaki wa chini, na anayefungua asimame upande upepo unakotoka, asiinamie bomba, gesi ile ikiwa nyingi inapoteza fahamu. Yapitisheni kwenye mfereji wenye mawe yajirushe rushe kwanza, mtaona yanatoka meupe yanageuka ya kutu njiani, hicho ni chuma kinakutana na hewa. Fungueni robo, usiku mwani ukiwa haufanyi kazi msifungue kabisa mlango wa juu, na mpime sehemu tatu: koki inapotoka, mwisho wa mawe, na pale mfereji unapokutana na mto. Pale mtoni ikishuka chini ya 5 rudisheni koki nyuma kidogo. Na mkipata profaili ya kwanza ya shimo, yaani vipimo vya kila kina, iwekeni hapa na joto lake, tuone tabaka limekaa mita ya ngapi kabla hamjagusa hiyo koki.